Grogan Hakuulizwa Babu Yake

Gari likikusumbua Nairobi, utaambiwa ulipeleke Grogon. Barabara ilibadilishwa jina zamani, sasa ni Kirinyaga Road, lakini fundi wa breki hajali, na wewe pia hujali mradi spea ipatikane kwa bei ya chini. Ukichaguliwa kusoma sayansi Chuo Kikuu cha Nairobi, huenda ukatua Chiromo, kampasi iliyochukua jina la makazi ya mzungu aliyejenga nyumba pale mwanzoni mwa karne ya 20. Mtoto akishikwa na homa usiku, na mfuko ukiruhusu, utakimbilia Gertrude's kule Muthaiga, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1947 kwenye ardhi iliyotolewa na mume mmoja kwa kumkumbuka marehemu mkewe. Fundi, mwanafunzi na mgonjwa wote wako kwa mtu yuleyule: Ewart Grogan, mzaliwa wa Uingereza mwaka 1874, aliyefia Cape Town mwaka 1967.

Alama yake ya nne iko mbali na jiji. Ukitoka Voi, upite Mwatate, ukate Tsavo Magharibi mpaka karibu ugonge mpaka wa Tanzania, utaikuta juu ya kilima: nyumba kubwa nyeupe aliyoijenga miaka ya 1930 ili atazame mashamba yake ya mkonge. Siku isiyo na mawingu unaiona Kilimanjaro upande mmoja na Ziwa Jipe upande mwingine. Vitabu na makala za watalii huiita Grogan's Castle. Wenyeji huiita Girigan.

Mama yangu ni wa Chala, kaskazini ya Taveta mjini, kule kwenye lile ziwa la kreta ambalo mpaka umelikata katikati. Kwa hiyo Girigan nimeijua tangu utotoni, kama vile mtoto wa Mombasa anavyoijua Fort Jesus: kitu kilichokuwepo tu. Nimeanza kuisoma miaka ya karibuni. Nasema kuisoma makusudi, maana jengo kama hili ni maandishi. Lina mhusika mkuu, lina wahusika wadogo, lina mambo linayoyasema kwa sauti na mengine linayoyameza. Na kila ninapolisoma narudi kwenye swali moja: ilikuwaje huyu mtu akawa wa Taveta bila kuulizwa chochote, na binamu yangu, aliyezaliwa umbali wa safari ya bodaboda kutoka kwenye kasri hiyo, anaulizwa babu yake alizikwa wapi?

Tuanze na hayo yanayosemwa kwa sauti.

Makala za utalii kuhusu Girigan karibu zote zina mwanzo mmoja. Kijana Mwingereza anampenda msichana aitwaye Gertrude, baba wa kambo wa msichana anamwona kijana hana mbele wala nyuma, basi kijana anaapa kuivuka Afrika kutoka Cape hadi Cairo ili kuthibitisha uanaume wake. Anaondoka mwaka 1898, anafika mwaka 1900, anaoa. Kitabu chake cha safari, alichokiandika na mwenzake Arthur Sharp, kilitoka mwaka huohuo wa 1900, na ndani yake kuna barua ya Cecil Rhodes mwenyewe ya kumpongeza. Stori tamu, lazima tukubali. Mapenzi, simba, homa, harusi. Ungeiweka kwenye filamu watu wangelia.

Lakini angalia stori hii inavyofanya kazi yake. Ukishamjua mtu kama mpenzi aliyetembea bara zima kwa ajili ya mchumba, shamba la mkonge linalokuja baadaye unalipokea kama zawadi ya ndoa. Huulizi ardhi ilitoka kwa nani. Huulizi ni nani aliyeyakata majani. Edward Paice alimwandikia wasifu mwaka 2001, akauita Lost Lion of Empire, yaani simba wa dola aliyepotea. Ni kitabu cha utafiti, na nimejifunza mengi humo. Ila wasifu una mhusika mmoja, hiyo ndiyo kazi yake, na ukishamwita mtu simba wale wengine wote wanabaki kuwa nyasi.

Upande wa pili ni sisi, tulioamua kumchukia. Mwezi Machi 1907 Grogan, akiwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu waliokuwa wakivuta rikisho, na alifanya hivyo mbele ya mahakama ya Nairobi. Mbele ya mahakama. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Ngũgĩ wa Thiong'o alikikumbusha kisa hiki katika Detained, mwaka 1981, kuonyesha utamaduni wa walowezi ulisimama juu ya nini, na tangu hapo kisa hiki kimekuwa jibu letu kwa ile stori ya mapenzi. Mtu akisema "alitembea Cape mpaka Cairo," tunamjibu "alichapa watu Nairobi." Sawa kabisa, ni kweli, na isisahaulike.

Hata hivyo jibu hili lina kasoro yake. Linambakiza Grogan katikati. Shujaa anageuka jambazi, na kamera haisogei hata hatua moja. Wale watatu wa rikisho wengi wetu hatuwezi kuwataja majina. Tunawahitaji kwa ajili ya viboko tu. Nimesoma machapisho mengi ya hasira mtandaoni kuhusu Girigan, mengine ya vijana wa Taveta wenyewe, na nimeona ni stori ileile iliyopinduliwa. Nyumba bado ni ya bwana, wageni ndio wamebadilika.

Kiswahili kina kitabu kuhusu kasri ambacho hakikufanya kosa hili. Adam Shafi alichapisha Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978. Ni Zanzibar kabla ya Mapinduzi ya 1964 na baada yake; bwana shamba ndani ya jumba, wakulima nje. Jina la riwaya limepewa bwana, lakini muulize mtu yeyote aliyeisoma shuleni anamkumbuka nani. Atakwambia Kijakazi. Mtumishi, aliyelelewa kuamini kwamba kumtumikia Fuad ndiyo nafasi yake duniani. Adam Shafi anamkaribia mpaka tunamkasirikia. Tunataka kumtikisa mabega. Ni mtu mzima mwenye fikra zake, hata pale fikra zenyewe zinapomdhuru. Nina lawama zangu kwa riwaya hii. Fuad ni mwovu mno, karibu katuni, na sehemu za mwisho zinasomeka kama hotuba ya chama. Ila kwenye jambo kubwa mwandishi alikuwa sahihi: alijua kwamba kasri haielezwi na anayelala chumba cha juu. Inaelezwa na anayejua ngazi zina madaraja mangapi kwa sababu amezifagia.

Girigan haijapata Kijakazi wake. Wapishi, watunza bustani, wachimba mifereji, wakata mkonge, madereva wa tarakta, hakuna riwaya, hakuna hata wimbo ninaoujua. Kuna kazi yao moja tu iliyobaki, na ni jina lenyewe.

Hebu litamke: Grogan. Lugha zetu hazipendi g na r zikikumbatiana namna hiyo, kwa hiyo midomo ya watu ilitia irabu katikati, ikalegeza, ikapata Giri-gan. Nairobi walifanya marekebisho yao, wakaandika Grogon. Watu waliokuja kutoka pande zote, Wataita, Wakamba, Wapare, Wachaga wa Rombo, Waluo, Wataveta wenyewe, walikubaliana bila mkutano wowote kwamba huyu bwana ataitwa hivi. Jina la shujaa wa dola likatafunwa na kutemwa likiwa jina la kilima. Mimi naliona hilo kama tendo la uandishi. Mtu wa Chala akisema "naenda Girigan", hamtaji Grogan tena. Anataja mahali.

Na mahali penyewe pana historia inayoaibisha swali la "wewe ni wa wapi". Kabla ya mkonge kulikuwa na msitu wa Taveta kando ya Mto Lumi, kituo cha misafara iliyotoka pwani kuelekea bara. Mwanahistoria Ann Frontera, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu Taveta, anawaeleza Wataveta kama watu waliotokana na makundi tofauti yaliyokimbilia msitu ule, wengine kutoka Upare, wengine Uchagani, wengine Utaita, wengine Wakwavi, wakawa jamii moja kwa kuishi pamoja, kulima pamoja na kupitia rika pamoja. Yaani kabila lenyewe lilizaliwa kwa kupokea wageni. Sijui kama kuna jamii nyingine Kenya ambayo uenyeji wake umeandikwa waziwazi hivi kwamba ni jambo la kutengenezwa.

Kisha likaja andiko fupi kuliko yote. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana nchi hizi. Kipande kinachotuhusu sisi kinaweza kuingia kwenye aya moja: mstari utoke pwani, uambae na Ziwa Jipe, uvuke Lumi, upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Chaga, uzunguke Kilimanjaro kwa chini upande wa kaskazini, uendelee mpaka Ziwa Viktoria. Basi. (Ile hadithi ya kwamba Malkia Viktoria alimzawadia mjukuu wake mlima siku ya kuzaliwa ni uzushi, ingawa waongoza watalii hawataiacha karibuni, na mimi siwalaumu, inauza.) Tazama lakini neno "katikati". Aliyeandika aliamini kwamba kuna Taveta hapa na Chaga pale, na kati yao kuna nafasi tupu ya kupitisha kalamu. Hapakuwa na nafasi tupu. Palikuwa na watu waliooana, waliouziana ndizi na mbuzi. Mstari ukapita hadi juu ya Chala, ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 90, linalolishwa na maji yanayosafiri chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Maji yale hayana pasi.

Mwaka 1914, vita vilipoanza, Wajerumani waliivuka sentensi hiyo na kuikalia Taveta mwezi Agosti. Februari 1916 Waingereza walishindwa vibaya Salaita, Machi wakapigana tena kwenye vilima vya Latema na Reata. Makaburi ya askari wao yako Taveta mpaka leo, yamepangwa vizuri, nyasi zimekatwa. Nitayarudia makaburi.

Vita vilipokwisha Tanganyika ikawa ya Waingereza pia, mpaka ukalegea, na mkonge ukataka mikono. Hapo ndipo babu yangu mzaa mama alipotoka Rombo akaja kukata mkonge upande huu. Hakuhama nchi, alihama shamba. Alioa msichana wa Chala, wakazaa watoto sita, na wote sita wakazaliwa upande wa Kenya. Nyanya husema mumewe alikuwa na mikono migumu hata hakuweza kuikunja vizuri kushika kikombe, na kwamba miba ya mkonge humwingia mtu mpaka ndani ya ndoto. Alipozeeka aliomba akazikwe kwao, karibu na mama yake. Alizikwa Rombo. Ukisimama ukingoni mwa ziwa unaweza kuonyeshwa kwa kidole lilipo kaburi.

Sasa ile fomu.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alifika miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho. Ofisi sitaitaja. Alibeba cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, nakala ya kitambulisho cha mjomba alichopewa miaka ya themanini, na cha mama yake. Aliketishwa mbele ya kamati ya kuhoji: ofisa, chifu, na wazee watatu wa hapahapa, wazee wanaomjua, mmoja wao aliyewahi kumtuma dukani kununua sigara. Wakamuuliza jina la babu. Akasema. Wakauliza babu alitoka wapi. Akasema. Wakauliza, alizikwa wapi?

Nimeipitia mara nyingi ile orodha ya maswali kama mhakiki, kwa sababu ni aina ya fasihi, usicheke. Ina umbo lake. Inaanza na karatasi na kuishia na mifupa. Kila swali linarudi nyuma kizazi kimoja, na mwombaji anasogezwa hatua kwa hatua kutoka kwenye mambo anayoyajua kwenda kwenye mambo ambayo watu waliokwishakufa waliyaamua. Msimulizi wake hajulikani. Hakuna anayesema "mimi ndiye ninayetilia shaka". Na lile jibu sahihi halijaandikwa popote. Hapo ndipo ninapoiona ikishindwa kama andiko, kabla hata ya kushindwa kama haki. Maana lile andiko kubwa ambalo fomu inadai kulitumikia, Katiba ya 2010, liko wazi katika kifungu cha 14: wewe ni raia kwa kuzaliwa iwapo siku uliyozaliwa mama yako au baba yako alikuwa raia. Mama au baba. Babu hayumo. Kaburi halimo. Kamati imeongeza sura ambayo mwandishi hakuiandika.

Mimi kitambulisho changu nilikipata Nairobi. Baba yangu ni Mtaita wa Wundanyi. Niliulizwa majina, nikapiga picha, nikaambiwa nitapigiwa simu. Nyanya ni yuleyule, kaburi ni lilelile. Sikuulizwa.

Tumezoea kuyasema haya kama mambo ya kaskazini, au ya Wanubi, au ya watu wa pwani. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kuondoa ule uhoji wa pekee waliokuwa wakifanyiwa waombaji wa kule kaskazini, na habari hiyo ikasomwa hivyo: habari ya kaskazini. Lakini mkonge una faili lake. Wamakonde waliotoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale, Kilifi na Taita Taveta waliishi hapa vizazi kadhaa bila uraia. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Mwanzoni mwa 2017 wakaanza kupewa vitambulisho, wakaitwa kabila la 43. Nikimfikiria Grogan sasa ninaifikiria safari hiyo pia. Kuna mtu alitembea ili apewe mke, akaandikiwa vitabu. Kuna wengine walitembea ili wapewe kadi ya plastiki. Ningependa kukisoma kitabu cha safari yao, tena na mtu aliyekuwemo aeleze viatu viliishia wapi, walilala kwa nani, na nani aliyeimba.

Wapembe walifuata mwaka 2023. Wapare wa Taita Taveta nao wamedai kutambuliwa kama jamii ya Kenya kwa miaka mingi. Nawaunga mkono wanaodai hivyo, maana anayezama hushika hata unyasi. Ila kama msomaji ninaogopa hiyo namba. Kabila la 43, la 44, la 45. Ni kama mlango wa Kenya ni mlango wa kabila tu, na mtu asiye na kabila lililosajiliwa asubiri nje mpaka kundi lake lifike idadi ya kutosha kuandamana. Na mtu wa mchanganyiko kama babu je, aliyekuwa Mchaga kwa kuzaliwa, Mtaveta kwa ndoa, na mtu wa Girigan kwa kazi? Atahesabiwa chini ya namba ipi?

Ukitaka kuona tulivyobadilika, rudi kwenye Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, ambayo nusu yenu mliisoma kwa ajili ya mtihani mkaichukia au mkaipenda. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kuja Kenya kumtafuta baba yake. Nilipoisoma kidato cha tatu nilidhani ni riwaya ya kumtafuta baba. Nikiisoma sasa naona pia ni riwaya ya mtu ambaye damu yake iko nchi moja na kitovu chake nchi nyingine, na mwandishi hakuona shida kumpa jina la ukoo Mswahili, kama kwamba lugha yenyewe inatosha kuwa nchi. Ninaipenda imani hiyo. Kamati ya binamu yangu haingempitisha Kongowea.

Lugha hii ina maneno yake ya kuyafikiria mambo haya, na si yote ni mazuri. "Raia" limetoka Kiarabu, kwenye maana ya watu walio chini ya mtawala, karibu na kundi linalochungwa. "Wa kuja" ni neno la kumkalisha mtu chini. "Mwenyeji" ndilo linalonivutia, kwa sababu lina maana mbili kwa wakati mmoja: aliyezaliwa mahali, na anayempokea mgeni. Kwa Kiswahili huwezi kuwa wa kwanza ukakataa kuwa wa pili bila neno kukusuta. Halafu kuna ule msemo wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huutumia kumfukuza mgeni mvivu kwa heshima. Mimi nausikia pia kama sheria ya uraia: siku mbili ni za ukarimu, ya tatu unapewa kazi, na ukishapewa kazi wewe si mgeni tena. Babu alipewa panga la mkonge. Siku ya tatu yake ilidumu miaka thelathini. Kisha ardhi ikapita kutoka mkono mmoja mkubwa kwenda mkono mwingine mkubwa, uhuru ukaja, na wengi waliolima Taveta wakaendelea kuitwa maskwota.

Hapa lazima niwaseme wazee wa kamati, maana ni rahisi kuilaumu serikali na kuwaacha wao. Ni wenyeji. Wanajua kabisa Wataveta walivyotokea, wamesimulia wenyewe kwenye mazishi na harusi. Wanakwenda soko la Taveta Jumatano na Jumamosi na kupatana bei na watu waliovuka kutoka Holili asubuhi hiyo, na hawamuulizi muuza vitunguu babu yake ni nani. Lakini waketishe nyuma ya meza, wape daftari, na uenyeji unageuka kuwa nusu ya neno. Nilimuuliza mmoja wao, baada ya kumwamkia na kukaa sana, kwa nini alimuuliza kijana swali ambalo jibu lake alilijua. Alihudhuria mazishi yale. Alivuka mpaka kwenda kumzika rafiki yake.

"Mwanangu," akaniambia, "tukisema tunamjua kila mtu, wataona hatufanyi kazi."

Nililiwazia jibu hilo kwa muda mrefu. Sioni uchoyo ndani yake. Naona mtu anayelinda nafasi yake ndogo mbele ya ofisa kutoka mbali, kwa namna ileile ambayo Kijakazi analinda nafasi yake ndani ya kasri. Ndiyo maana nasema tunamhitaji Adam Shafi wa Taveta kuliko tunavyohitaji makala nyingine ya kumtukana Grogan. Tunahitaji mtu atakayeandika jinsi watu wazuri wanavyojifunza kuuliza maswali mabaya.

Na kasri yenyewe? Leo ni hoteli, imekarabatiwa, na sina ugomvi na hoteli. Sitaki ibomolewe, nyumba haikumchapa mtu. Ninachotaka ni isimuliwe upya, na kazi hiyo si ya mwenye hoteli peke yake. Ni yetu tunaoandika. Anayeandika kuhusu Girigan ajaribu, kwa makala moja tu, kutomtaja Grogan mpaka aya ya tano. Aanze na mfereji: nani alichimba, kwa siku alipimiwa hatua ngapi? Aanze na jiko. Aanze na treni ya mkonge, au na namna mkata majani anavyofunga matita na kuyahesabu mbele ya nyapara. Wapo wazee Chala, Ziwani na Jipe ambao bado wanajua, na kila msimu wa mvua wanapungua.

Nilianza na nyanya. Nilimuuliza kama kuna karatasi yoyote ya babu ya zamani, kitu cha kuipelekea kamati. Akafikiri, akasema kulikuwa na kipande. Msomaji wa Nairobi huenda hujui: tangu baada ya Vita vya Kwanza, wanaume Waafrika wa Kenya walilazimishwa kubeba karatasi ya usajili yenye alama za vidole na jina la mwajiri, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Ukikutwa bila kipande, jela. Watu walikichukia, wakakipigania mpaka kikaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940. Na sasa hivi tulikuwa tunakitafuta kwa bidii chini ya kitanda cha nyanya, kwa sababu kile kilichomfunga babu kwenye mashamba ya Taveta ndicho kingeweza kuonyesha kwamba alikuwapo Kenya kabla ya Kenya.

Kikasha tulikipata, kwenye sanduku la bati, pamoja na vifungo vya koti na risiti za maziwa. Kina kutu lakini kinafungika. Ndani hamkuwa na karatasi. Nyanya alikuwa ameweka humo sindano zake za kushonea, tangu mwaka gani hakumbuki.

Binamu yangu alikipeleka hivyohivyo. Walikiangalia, wakakipitisha mkono kwa mkono, mzee mmoja akasema baba yake alikuwa nacho kama hicho. Wakamwambia arudi na barua. Bado anauza ndizi kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la nyanya, na miadi yake mpya ni baada ya Pasaka.